Filamu ya dola 10,000, nyimbo za dola 150,000: kisa cha Killer of Sheep

Mwaka 1977 Charles Burnett alikabidhi chuoni UCLA, Los Angeles, filamu yake ya kuhitimia shahada ya uzamili. Ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, mkanda wa milimita 16, dakika 80 hivi, na ilipigwa Watts, mtaa aliokulia. Gharama zote hazikufika dola 10,000. Mhusika wake, Stan, anafanya kazi machinjioni na usingizi umemkimbia. Filamu inaitwa Killer of Sheep, yaani Mchinja Kondoo.

Mwaka 1981 ikapata tuzo ya wakosoaji katika tamasha la filamu la Berlin. Mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kwa niaba ya taifa, ikiwa miongoni mwa 50 za mwanzo kabisa kuingia humo. Hata hivyo mtu wa Watts mwenyewe asingeweza kukata tiketi akaitazame sinema, wala kuinunua dukani. Ilizunguka kwenye makumbusho, vyuo na matamasha, nakala chache za mkanda zikipokezanwa. Ilifika kumbi za biashara Machi 2007, miaka 30 baada ya kukamilika, baada ya kulipwa dola 150,000 za haki za muziki. Yaani nyimbo zilidai zaidi ya mara 15 ya fedha zilizotengeneza filamu nzima.

Kisa hiki kinafaa kusomwa na kila anayepiga filamu uswahilini, iwe Manzese, Kibera au Katwe, kwa sababu karibu kila kitu kingine Burnett alikifanya sawasawa. Kwa hiyo kosa lake moja, la kutopata haki za nyimbo mapema, linaonekana wazi, halikujificha nyuma ya makosa mengine.

Namna ilivyopigwa

Burnett aliandika, akaongoza, akashika kamera na akahariri mwenyewe. Sauti ilikuwa mikononi mwa Charles Bracy, ambaye pia anaonekana kama mmoja wa wahusika. Upigaji ulifanyika zaidi mwishoni mwa wiki, kuanzia mwaka 1972, kwa sababu watu wote walikuwa na shughuli zao siku za kazi. Waigizaji wengi hawakuwahi kuigiza, na watoto wa mtaa ule walipewa kazi za kweli kwenye upigaji, zikiwemo za sauti, ili waone kwamba filamu ni kazi ya mikono kama nyingine.

Mkanda wa milimita 16 ulimlazimisha kila mtu kuwa na nidhamu. Rola ya futi 400 hukimbia dakika 11 kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde. Filamu ya dakika 80 ikipigwa kwa uwiano wa nne kwa moja, yaani dakika nne zinapigwa ili moja ibaki, inahitaji dakika 320, sawa na rola 29. Ukifika kumi kwa moja, rola zinakuwa 73, na kila rola inanunuliwa, inasafishwa maabara na kutolewa nakala ya kuhariria. Ndiyo maana filamu za bajeti hii zilifanyiwa mazoezi mengi kabla kamera haijawashwa. Leo kadi ya kumbukumbu haina bei hiyo, na watu wanapiga thelathini kwa moja bila kujua, halafu mhariri anakaa miezi mitatu akitafuta jaribio, yaani upigaji mmoja wa onyesho, lililokuwa zuri. Kiwango cha kujiwekea bado kinasaidia: majaribio matatu kwa kila pembe, la nne kwa sababu inayotajwa kwa sauti mbele ya wote.

Sasa angalia muundo wa hadithi. Killer of Sheep haina kisa kimoja kinachosukuma kingine. Ni mfululizo wa matukio ya mtaa: watoto wanarushiana mawe, wanaruka kutoka paa hadi paa, mke anamsubiri mume asiye na hamu, rafiki wanapanga kwenda kwenye mbio za farasi na gurudumu linapasuka njiani, na hawana la akiba. Wengi husifu muundo huo kama uamuzi wa kisanaa, na ni kweli. Lakini pia ndio ulioiwezesha filamu kupigwa kwa bajeti ile. Filamu yenye mnyororo mkali wa matukio, ambapo onyesho la 14 haliwezi kuwepo bila la 13, haistahimili upigaji wa wikendi kwa miezi mingi. Mwigizaji mkuu akinyoa ndevu, mtoto akikua nusu futi, nyumba ikipakwa rangi, mnyororo unakatika. Matukio yanayojitegemea yanavumilia hayo. Jumamosi mtu asipotokea, unapiga onyesho la watoto. Nyumba ikipata mpangaji mpya, onyesho la ndani linahamia barazani.

Kuna onyesho moja ambalo kila mwandishi wa filamu za mtaa angepaswa kulichambua kwa kalamu mkononi. Stan na rafiki yake wananunua injini kuukuu ya gari. Wanaishusha ngazi kwa mikono, hatua kwa hatua, jasho likiwatoka. Wanaipandisha nyuma ya pikapu, wanaiacha ukingoni kwa sababu wamechoka, wanajiambia itakaa tu. Gari linaondoka mlimani, injini inadondoka, inavunjika. Wanaitazama, wanaondoka, na kamera iliyo garini inaiona ikibaki barabarani ikizidi kuwa ndogo. Hesabu mahitaji: injini moja mbovu, ngazi moja, pikapu moja, mwinuko mmoja wa barabara, mwanga wa jua. Hakuna hotuba juu ya umaskini. Uzito wa chuma unasema kila kitu, nao hauhitaji mwigizaji aliyesomea. Mtu ambaye hajawahi kuigiza anaharibika pale unapompa maneno mengi na mikono mitupu. Mpe kitu kizito, chenye ncha au cha moto, na uso wake unakuwa wa kweli wenyewe.

Ucheleweshaji mkubwa ulitokana na mtu, si vifaa. Aliyekusudiwa kwa nafasi ya Stan alikuwa gerezani akisubiri parole, yaani kuachiliwa kabla kifungo hakijaisha, na tarehe ya kutoka ikawa inasogezwa. Hatimaye nafasi ikaenda kwa Henry G. Sanders, askari mstaafu wa vita vya Vietnam, ambaye Burnett alikutana naye kwenye lifti. Ushauri unaotokana na hilo ni mkavu: kwa kila nafasi kubwa, mtu wa pili awe amesoma maneno na kujaribiwa mavazi kabla ya siku ya kwanza.

Muziki uliingiaje

Burnett hakutumia nyimbo kujaza ukimya. Alipanga sauti ya filamu kama historia ya watu wake, Wamarekani weusi, kwa muziki: blues, injili, jazi, Paul Robeson, Elmore James, Louis Armstrong, hadi Earth, Wind & Fire, ambao wimbo wao Reasons unaimbwa na binti mdogo anayecheza na mwanasesere sakafuni. Onyesho linalokumbukwa kuliko yote ni Stan na mkewe wakicheza polepole dirishani, Dinah Washington akiimba This Bitter Earth. Hakuna neno linalosemwa. Wimbo unakwisha, mume anajitoa mikononi mwa mkewe na kuondoka, mke anabaki na dirisha.

Ondoa wimbo huo na onyesho halipo. Kwa hiyo yeyote anayesema Burnett angetumia muziki wa bure au kinanda cha kutunga mwenyewe hajaiona filamu. Wimbo ulikuwa chaguo sahihi. Kilichokosekana ni karatasi ya ruhusa, na ilikosekana kwa sababu inayoeleweka: hii ilikuwa kazi ya chuo, na hakuna aliyetarajia ingeuzwa tiketi. Mwanafunzi wa 1977 hakuwa na mtandao wa kumtafutia mwenye wimbo, na hakuna aliyemdai. Deni lililala. Lilikuja kuamka siku msambazaji alipotaka kuichapa.

Haki mbili katika wimbo mmoja

Hapa ndipo watayarishaji wengi wa kwetu wanapojikwaa, kwa hiyo tukae kidogo. Wimbo uliorekodiwa una mali mbili tofauti, na mara nyingi wenyewe ni tofauti.

Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodi. This Bitter Earth ilitungwa na Clyde Otis. Ya pili ni rekodi, ile sauti hasa ya Dinah Washington iliyonaswa studioni na kutolewa mwaka 1960, ambayo ni mali ya kampuni ya rekodi. Ili kuibandika kwenye picha unahitaji ruhusa ya pande zote mbili. Mmoja akikataa, mwingine hakusaidii. Na angalia ni nani asiyekuwemo katika orodha: mwimbaji. Dinah Washington alifariki mwaka 1963, na hata angekuwa hai, ruhusa yake peke yake isingetosha. Dar au Nairobi hali ni ileile. Msanii anakuambia, “Kaka, tumia tu, wimbo wangu huo,” naye anasema kwa moyo mweupe, lakini biti ni ya prodyuza, rekodi iko kwa lebo, na kiitikio kaandika mtu wa tatu. Neno lake si mkataba.

Tofauti hiyo ya mali mbili inafungua njia pia. Ukipiga onyesho ambalo mtoto anaimba wimbo maarufu kwa kinywa chake, bila rekodi kusikika, unahitaji ruhusa ya utunzi pekee. Ukipata ruhusa ya utunzi na rekodi ikawa ghali, unaweza kuurekodi upya na bendi ya mtaani. Wimbo ambao mtunzi wake amefariki zamani, utunzi wake unaweza kuwa umeshakuwa wa wote: Tanzania na Kenya hesabu ni miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Lakini hesabu hiyo ni ya nchi kwa nchi. Marekani, rekodi zilizotolewa kati ya 1957 na katikati ya Februari 1972 zinalindwa hadi 15 Februari 2067. Filamu ikipanda jukwaa la mtandaoni linaloonekana nchi 100, hesabu kali ndiyo inayotawala.

Jambo jingine linalochanganya ni stakabadhi ya muziki wa hadharani. Baa, hoteli na daladala hulipia leseni ya kupiga muziki mbele ya watu. Leseni hiyo haikupi haki ya kuunganisha wimbo na picha. Ukipiga onyesho ndani ya baa iliyolipa kila kitu, wimbo unaosikika nyuma bado hujalipiwa kwa ajili ya filamu yako.

Bei inavyopanda

Dola 150,000 si ulafi wa mtu mmoja. Bei ya aina hii hujengwa na mambo matatu.

La kwanza ni wakati wa kuuliza. Kabla ya filamu kukamilika unaweza kubadilisha wimbo, na mwenye wimbo anajua. Ikishakamilika na kusifiwa, yeye ndiye mwenye nguvu. Kuihariri upya ni kubomoa ukuta wa nyumba iliyohamiwa.

La pili ni upana wa haki. Ruhusa ya matamasha tu, kwa mwaka mmoja au miwili, ni ya bei ndogo, na mara nyingine hutolewa bure kwa filamu ndogo. Ruhusa ya dunia nzima, vyombo vyote vya kuonyeshea, milele, ndiyo inayouma. Msambazaji huhitaji hii ya pili, kwa sababu hawezi kuchapa diski au kupakia mtandaoni kitu ambacho ruhusa yake itakwisha Desemba.

La tatu ni kifungu cha usawa, ambacho wenye nyimbo hupenda kukiweka: hakuna mwenye haki mwingine katika filamu hii atakayelipwa zaidi yangu. Kinaonekana cha haki, na kwenye mazungumzo kinasaidia kushusha bei, kwa kuwa unaweza kumwambia kila mmoja kwamba wote wamekubali kiwango kimoja. Lakini kinageuka haraka. Tuseme una nyimbo 10, kila mmoja pande mbili, na wote wamekubali dola 500: jumla 10,000. Mwenye wimbo wa kumi anang’ang’ania 1,500, na wewe huwezi kuuondoa. Ukimkubalia, wote 20 wanapanda hadi 1,500, jumla 30,000. Wimbo mmoja umeongeza 20,000. Kwa hiyo anza na ule usioweza kuuacha. Bei yake ndiyo kipimo, na nyingine zinapimwa baadaye, zile zisizofika zinatolewa.

Njia inayofaa zaidi kwa filamu ya mtaa ni mkataba wa ngazi. Unalipa sasa ruhusa ya matamasha kwa miezi 24, na katika karatasi hiyohiyo mnaandika bei za mbele: kiasi gani ukiuza televisheni ya nchi moja, kiasi gani mtandaoni Afrika, kiasi gani dunia nzima. Hulipi ngazi ya juu mpaka uifikie, lakini bei imeshafungwa kabla filamu haijawa na jina. Burnett angekuwa na karatasi ya namna hiyo mwaka 1977, mazungumzo ya miaka ya 2000 yangekuwa ya kulipa tu.

Ukileta jambo hili Tandale

Chukua filamu ya leo inayopigwa Tandale au Manzese, Dar es Salaam. Muziki wake wa asili ni singeli, na mtengenezaji makini hataki kuweka gitaa la mtandaoni juu ya mtaa unaotikisika kwa kasi ile. Hapo kuna mtego ambao hata Watts haukuwepo. Midundo mingi ya singeli ilijengwa kwa kukata vipande vya taarabu, kuvizungusha na kuvikimbiza. Ukimlipa MC na prodyuza wake, umelipia safu ya juu. Chini kuna rekodi ya taarabu yenye mwenyewe, na chini zaidi kuna mtunzi wa wimbo huo. Safu tatu ndani ya sekunde 40.

Tiba ni kuagiza biti mpya. Mwendee prodyuza wa mtaa, mpe onyesho lililohaririwa bila muziki, mwombe atengeneze kwa vinanda na ngoma zake bila kipande kilichokatwa kwingine, na mwandikiane. Karatasi ya ukurasa mmoja inatosha ikiwa na mambo haya: jina kamili na namba ya kitambulisho cha kila aliyeshiriki kutunga, kuimba na kurekodi, jina la wimbo na urefu wake, tamko kwamba hakuna kipande cha mtu mwingine ndani yake, ruhusa ya kuutumia katika filamu hii kwa jina, nchi zote, vyombo vyote, bila kikomo cha muda, ruhusa ya kuutumia kwenye tangazo la filamu, kwa sababu tangazo huhesabiwa tofauti, kiasi kilicholipwa na kinachobaki, mgao wa asilimia kama upo, saini, tarehe na shahidi. Umuachie prodyuza haki ya kuuza wimbo wake kwingine. Anayeachiwa mali yake hushusha bei, na wimbo ukivuma unaitangaza filamu bila gharama. Mwombe pia faili ya mdundo pasipo sauti ya kuimba. Utaihitaji chini ya mazungumzo, na ukiitafuta mwaka unaofuata kompyuta yake itakuwa imeshauzwa.

Wakati wa kuhariri, tunza orodha ya muziki kuanzia siku ya kwanza: wimbo, mtunzi, mwenye rekodi, unaanza dakika ya ngapi, unaisha ya ngapi, unasikika kama muziki wa filamu au unatoka redioni ndani ya onyesho, na karatasi yake iko faili gani. Mstari usio na karatasi upakwe rangi nyekundu. Wahariri wengi huweka wimbo mkubwa wa muda “tutabadilisha baadaye”, halafu macho yanauzoea, dairekta anaupenda, na siku ya kubadilisha kila mbadala unaonekana maji ya kunawa. Usiweke kwenye meza ya kuhariria wimbo ambao huwezi kuufikia.

Redio ya jirani

Uswahilini muziki hauombi ruhusa kuingia kwenye maikrofoni. Kibanda umiza kinaonyesha filamu, bodaboda kafunga spika, mama ntilie ana redio. Ukirekodi mazungumzo na wimbo ukiwa nyuma yake, unapata matatizo mawili kwa pamoja. La kisheria umeshaliona, na mitandao mikubwa ina mitambo inayotambua rekodi hata ikiwa nyuma ya sauti za watu, kisha mapato ya video yanaelekezwa kwa mwenye wimbo au video inazuiwa. La kiufundi ni baya vilevile: mhariri hawezi kukata. Akiondoa sentensi moja, wimbo unaruka, na kila sikio linagundua.

Namna ya kufanya: mtu mmoja, si dairekta, azunguke nyumba 10 za karibu nusu saa kabla ya kuanza, aombe redio zizimwe kwa vipindi vya dakika 15, na arudi kushukuru na kutoa taarifa kipindi kinapoisha. Atoke na mjumbe au mtu anayeheshimika pale. Bajeti iwe na fungu la soda na vocha kwa ajili hiyo, kwa sababu aliyezima spika ya biashara yake amekupa kitu chenye thamani. Panga maonyesho ya maneno mbali na saa za adhana na za foleni ya jioni. Wachezaji wakicheza muziki ndani ya onyesho, wapigie mdundo sekunde 20 waushike, uzime, wazungumze wakiendelea kucheza kimya, na muziki uongezwe mezani. Kila mahali, kabla ya kuondoka, rekodi sekunde 60 za ukimya wa pale, watu wote wakiwa wametulia. Ukimya wa uchochoro wa Tandale una jenereta ya mbali, kuku na maji ya bomba, nao ndio gundi ya kuunganishia mazungumzo.

Karatasi nyingine

Vibali na ridhaa havikuifungia Killer of Sheep, kwa hiyo tutapita haraka, ila msambazaji ataviuliza siku hiyohiyo atakayouliza muziki. Tanzania kibali cha kupiga picha kinatoka Bodi ya Filamu, Kenya kwa mamlaka ya filamu ya huko, na pote filamu iliyokamilika inapangiwa daraja la umri kabla ya kuonyeshwa. Barua ya serikali ya mtaa haichukui nafasi ya kibali hicho, wala kibali hakichukui nafasi ya barua: polisi anauliza kibali, wakazi wanauliza barua. Kila mwenye sura inayotambulika asaini ridhaa siku ileile ya kupigwa, kwa mtoto mzazi au mlezi, na mpige picha akiwa ameshika karatasi yake, maana majina ya mtaani si yale ya kitambulisho. Mwenye nyumba asaini, si mpangaji pekee.

Hifadhi pia ina hesabu yake. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Filamu ya dakika 80 kwa uwiano wa kumi kwa moja ni saa 13 na dakika 20, sawa na gigabaiti 600. Nakala tatu ni terabaiti 1.8: diski mbili za aina tofauti na ya tatu nyumba nyingine, si begi jingine la nyumba ileile. Faili za muziki na picha za mikataba zikae ndani ya kila diski. Killer of Sheep iliokolewa kwa sababu hifadhi ya filamu ya UCLA iliishughulikia: Ross Lipman aliirejesha kutoka milimita 16 hadi 35, na nakala hiyo ndiyo iliyowapa wasambazaji kitu cha kuonyesha.

Deni lilivyolipwa

Kampuni ndogo ya Milestone, ya Dennis Doros na Amy Heller, ndiyo iliyobeba kazi ya kuwatafuta wenye haki mmoja mmoja. Kampuni za rekodi zilikuwa zimenunuana, mikataba ya watunzi imehamia kwa warithi, na kila ofisi ilihitaji kuelezwa upya kwa nini filamu ya mwanafunzi inaomba wimbo wake baada ya miaka 25. Ilichukua miaka. Sehemu ya fedha ilitolewa na dairekta Steven Soderbergh kama mchango. Filamu ya mtaa ilisubiri mfadhili kwa ajili ya nyimbo, baada ya kupigwa bila kumsubiri yeyote.

Wimbo mmoja haukupatikana. Mwisho wa filamu Stan yuko machinjioni akiwaswaga kondoo, na Burnett alikuwa ameweka hapo Unforgettable, vilevile kwa sauti ya Dinah Washington. Ruhusa ilikwama, na nakala ya 2007 ikatoka ikiwa na This Bitter Earth mara ya pili mahali pale. Mabadiliko hayo si madogo. Wimbo wa dirishani, wa ndoa inayopoa, ukirudi juu ya kondoo unaifanya filamu imalizike kwa uchungu uleule uliokwisha kuonjwa. Unforgettable ni wimbo wa mapenzi laini, na ukiwekwa juu ya wanyama wanaokwenda kufa unaleta kitu ambacho hakina jina rahisi, upole na woga kwa pamoja. Kwa miaka 18 watu walioijua filamu hii kwenye kumbi na diski waliijua kwa mwisho ambao mwenyewe hakuuchagua.

Mwaka 2025 ikatoka nakala mpya ya ubora wa 4K, na safari hii Unforgettable imo, juu ya kondoo, mahali Burnett alipoiweka akiwa mwanafunzi.